Farasi Abaki, Mchezaji Asafiri

Michezo mingi ya kimataifa humruhusu mwenye mali aingie uwanjani na mali yake. Mwendesha baiskeli huja na baiskeli ambayo mpinzani wake hana uwezo wa kuinunua, na mwenye mashua huja na mashua iliyochongwa na mafundi wake mwenyewe. Shirikisho la Kimataifa la Polo, FIP, limekwenda kinyume na mazoea hayo. Katika mashindano yake ya dunia hakuna timu inayokuja na farasi. Nchi mwenyeji ndiyo inayowakusanya farasi wote, inawajaribu, inawapanga kwa uwezo wao na kuwagawa katika mafungu yanayokaribiana kwa ubora. Kisha mafungu hayo hupigiwa kura, na kila timu huchukua lililoiangukia. Nahodha wa Argentina, nchi yenye farasi bora wa polo duniani, anaweza kukabidhiwa fungu ambalo mpinzani wake angelipenda, na hana pa kukata rufaa. Nadai kwamba kanuni hii ina thamani kuliko yote ambayo FIP imeyatunga, na kwamba Afrika Mashariki ina sababu ya kuishikilia kuliko eneo lingine lolote. Nadai pia kwamba shirikisho limeiacha nusu ya njia. Limeitumia kuwaalika Waafrika kwenye viwanja vya wengine, bado halijaitumia kuwaleta wengine kwenye viwanja vya Afrika.

Kwa msomaji wa Wasso, huku Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ambako hakuna uwanja wa polo wala farasi wa kuucheza, mchezo wenyewe ni hivi. Timu mbili za wapanda farasi wanne wanne hugombea mpira mdogo mgumu kwa fimbo ndefu zenye kichwa cha mbao, kwenye uwanja wa nyasi wenye urefu wa mita 270 na ushei. Mchezo hugawanywa katika vipindi vya takribani dakika saba viitwavyo chuka, na kwa kuwa farasi hukimbizwa kwa nguvu zake zote, mchezaji hubadili farasi kila chuka inapokwisha. Kila mchezaji hupewa handikapu, yaani kipimo cha uwezo, kuanzia magoli mawili chini ya sifuri hadi magoli 10. Jumla ya handikapu za wanne hao ndiyo uzito wa timu. Viwanja vya karibu zaidi na Loliondo viko upande wa Usa River, mashariki ya jiji la Arusha, na vingine viko ng'ambo ya mpaka, Nairobi, Gilgil na maeneo ya Timau chini ya Mlima Kenya. Huko mchezo umekuwapo tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ulipoletwa na maofisa na walowezi wa Kiingereza.

FIP yenyewe ni changa ukilinganisha na mchezo inaousimamia. Polo ilichezwa Uajemi karne nyingi kabla Waingereza hawajaiokota Manipur, kaskazini mashariki ya India, na kuiandikia sheria katika karne ya 19. Chama chao cha Hurlingham kilianza kusimamia mchezo mwaka 1875. FIP iliundwa mwaka 1982, na rais wake wa kwanza alikuwa Marcos Uranga wa Argentina. Kwa hiyo ilipofika ilikuta nyumba ina wenyewe: Waingereza na Hurlingham yao, Wamarekani na chama chao, Waargentina na chama chao, kila mmoja na kanuni zake na handikapu zake. Kenya hadi leo imeegemea Hurlingham kuliko FIP, kama nchi nyingi zilizopokea mchezo kupitia bendera ya Uingereza. Shirikisho changa lisilo na urithi wala hazina lilikuwa na njia moja tu ya kujipatia heshima, nayo ni kuanzisha jambo ambalo vyama vikubwa visingeweza kulifanya kila kimoja peke yake. Ndipo mwaka 1987, mjini Buenos Aires, likazindua mashindano ya dunia yenye masharti mawili: uzito wa timu usizidi magoli 14, na farasi watoke kwa mwenyeji.

Sharti la kwanza husemwa sana, kwa sababu linawazuia mabingwa wakubwa. Timu kubwa za Palermo, uwanja mkuu wa polo wa Buenos Aires, zimewahi kufikia magoli 40, yaani wachezaji wanne wenye 10 kila mmoja, na hao hawawezi kupanda pamoja kwenye mashindano yenye kikomo cha 14. Wako wanaoliona hilo kuwa kasoro, na wanauliza ni kombe gani la dunia linalomwacha bingwa wa dunia nje. Mimi naona sharti la pili ndilo lenye uzito zaidi. Kumpunguza bingwa ni jambo la kanuni za mchezo, linajadilika na kubadilishwa kwa kura ya mkutano mkuu. Kumzuia farasi asivuke mpaka ni jambo la maumbile ya nchi, na kwa upande wetu wa dunia maumbile hayo hayana mkutano mkuu.

Jina lake ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ni virusi vyenye aina tisa, vinavyosambazwa na visubi, wale wadudu wadogo wa jioni na alfajiri ambao hupenya kwenye nyavu zinazomzuia mbu. Farasi hamwambukizi mwenzake kwa kugusana naye, ila kisubi kikimuuma mmoja kisha mwingine, kazi imekwisha. Katika sura yake kali mnyama hupanda homa, hupumua kwa shida huku ametanua miguu ya mbele na kunyoosha shingo, na povu jeupe humtoka puani kwa sababu mapafu yamejaa maji. Katika sura nyingine, vishimo vilivyo juu ya macho, ambavyo kwa farasi mzima huonekana vimebonyea, huvimba hadi vikatokeza nje. Mchunga farasi mzoefu huangalia hapo kwanza kila asubuhi msimu wa mvua. Farasi asiye na kinga akishikwa na sura ya mapafu, uwezekano wa kufa unafika tisa kwa kumi na kuzidi. Punda huumwa kidogo au hata hajulikani kama ameumwa. Punda milia haugui kabisa. Virusi hukaa ndani ya damu yake kwa wiki kadhaa, naye anaendelea kula majani.

Hapo ndipo Loliondo inapoingia katika habari za polo. Uwanda unaoanzia Serengeti, ukapita mashariki kwenye malisho ya Ololosokwan, Soitsambu, Arash na Malambo na kwenda kaskazini hadi Maasai Mara, ni mojawapo ya makazi makubwa ya punda milia yaliyobaki duniani. Wanahesabiwa kwa makumi elfu mengi, na huhama kila mwaka pamoja na nyumbu. Mradi punda milia wapo na visubi wapo, virusi navyo vipo, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayependekeza kuwaondoa punda milia ili farasi apite. Sotoka, iliyowamaliza ng'ombe wa Wamaasai miaka ya 1890, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011 kwa sababu kinga ya ng'ombe iliinyima njia hata huko porini. Ugonjwa wa farasi haufutiki hivyo. Kuna chanjo ya virusi vilivyodhoofishwa, itengenezwayo Onderstepoort, Afrika Kusini, na inaokoa farasi wengi. Lakini chanjo hiyo humkinga farasi, haimwondoi mwenyeji wa virusi aliyeko nyikani, na mnyama aliyechanjwa kwa virusi hai hutazamwa kwa mashaka na nchi zisizo na ugonjwa.

Historia ya nchi yetu imejaa mizoga ya kuthibitisha hayo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi wawili, mmoja akiwa zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Wote wawili walikufa Kingaru, kabla safari haijakolea, na hakuna awezaye leo kusema kwa hakika walikufa kwa nini. Inatosha kwamba bara liliwakataa. Wajerumani walipoitawala nchi waliona tatizo hilohilo, wakafikia hatua ya kukamata punda milia karibu na Kilimanjaro na kujaribu kuwafuga wafanye kazi ambayo farasi alishindwa. Mwaka 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, walishuka kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi kuwafuata Wajerumani, na farasi wao wakateketea kwa maelfu, wengine kwa ndorobo, wengine kwa ugonjwa huu, wengine kwa uchovu na njaa. Ukijiuliza kwa nini Mmaasai, mfugaji asiye na mpinzani, hakuwahi kuwa mpanda farasi kama Mfulani wa Afrika Magharibi au Moromo wa Ethiopia, jibu usilitafute kwenye mila. Litafute kwenye damu ya punda milia.

Dunia nyingine imejifunza hofu hiyo kwa gharama kubwa. Kati ya 1959 na 1961 ugonjwa ulitoka Afrika ukaenea Mashariki ya Kati hadi India na Pakistan, na wanyama zaidi ya laki tatu wa jamii ya farasi walikufa. Mwaka 1987, ule mwaka wa mashindano ya kwanza ya FIP, punda milia walioletwa kutoka Namibia kwa ajili ya hifadhi ya burudani nchini Uhispania waliingia na virusi. Nchi hiyo ikapambana navyo hadi mwaka 1990, na kukawa na wasiwasi kama michezo ya farasi ya Olimpiki ya Barcelona ya 1992 ingewezekana. Mwaka 2020 ikawa zamu ya Thailand: farasi zaidi ya mia tano walikufa, na kidole kikaelekezwa kwa punda milia walioagizwa kutoka Afrika. Baada ya mambo hayo, daktari wa mifugo wa nchi yoyote isiyo na ugonjwa akiona kwenye karatasi kwamba farasi anatoka Nairobi au Arusha, hajadili. Hata Afrika Kusini, yenye maabara na utafiti wa kiwango cha juu, ilifungiwa mlango wa Ulaya mwaka 2011 baada ya mlipuko katika eneo lake la ulinzi, na kwa miaka mingi farasi wake walilazimika kupitia karantini ya miezi Mauritius kabla ya kuendelea na safari. Gharama hiyo inalipika kwa farasi wa mbio wa mamilioni. Farasi wa polo wa Gilgil, ambaye mara nyingi ni farasi aliyestaafu mbio kwenye uwanja wa Ngong, hawezi kulipiwa.

Sasa irudie ile kanuni ya kura ukiwa na picha hiyo kichwani. Kama FIP ingefuata mtindo wa mashirikisho mengine ya farasi, kila nchi ije na wanyama wake, Afrika Mashariki ingefutwa kabla ya orodha kuandikwa, na wala si kwa kukosa wapandaji. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, lililoanzishwa mwaka 1921 na ambalo halisimamii polo, limehangaika na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani kutafuta hati maalumu ya kuwasafirisha farasi wa mashindano kwa haraka. Hata katika mpango huo ugonjwa wetu ni miongoni mwa magonjwa yanayoulizwa kwanza. Michezo ya kuruka viunzi haina budi kuhangaika hivyo, kwa sababu mpandaji na farasi wake hufunzwa pamoja kwa miaka, ukiwatenganisha umevunja timu. Mchezaji wa polo hubadili farasi mara kadhaa ndani ya mchezo mmoja, hivyo kumpanda mnyama asiyemzoea ni sehemu ya ufundi wake. FIP iliigeuza hali hiyo ya mchezo kuwa sheria ya haki, na ninaisifu bila kusita.

Lakini tazama mashindano yalikochezwa. Baada ya Buenos Aires yalikwenda Berlin 1989, Santiago 1992, St. Moritz 1995, Santa Barbara 1998, Melbourne 2001, Chantilly 2004, Mexico City 2008, San Luis 2011, Santiago tena 2015, Sydney 2017 na Wellington, Florida, 2022. Hadi hapo ni mara kumi na mbili, na hakuna hata moja katika Afrika wala Asia, bara ulikozaliwa mchezo wenyewe. Walioshinda ni Argentina mara tano, Brazil mara tatu, Chile mara mbili, Marekani mara moja na Uhispania mara moja. Afrika imewekwa katika kanda moja na Mashariki ya Kati, India na Pakistan, na wote hao hugombea nafasi kwa mchujo. Afrika Kusini imewahi kufuzu. Nchi zetu hazijaonekana. Hapa kanuni ya kura inaonyesha upande wake wa pili. Imemwondolea mgeni mzigo wa farasi, na mzigo wote sasa umo mabegani mwa mwenyeji. Mwenyeji sharti awe nchi yenye farasi wa ziada wasio na kazi nyingine, mamia kwa mpigo, wa kiwango cha magoli 14. Kwa hiyo kinachoamua nani anaandaa ni wingi wa farasi. Na kwa kuwa kuandaa huleta wadhamini, waamuzi, makocha na watoto wanaotazama pembeni ya uwanja, kuandaa ndiko kunakokuza mchezo. Mlango wa wageni umefunguliwa, na mlango wa wenyeji umebaki kama ulivyokuwa mwaka 1987.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana. FIP itenge kwa ajili ya Afrika mashindano ya kanda yenye kikomo cha chini, tuseme magoli 6 au 8, yachezwe kwa farasi wa hapahapa na kwa kura ileile. Kikomo cha 8 si kigeni kwake, kwani mashindano yake ya Ulaya yamechezwa kwa kiwango hicho. Hesabu ya farasi nayo haitishi. Timu nne, kila mchezaji akipewa farasi wanne, zinahitaji farasi 64. Mafungu yakizungushwa, timu zinazocheza Jumamosi zikaacha farasi wapumzike na zinazocheza Jumapili zikapanda wengine, jumla bado haiendi mbali. Klabu za Kenya zikijumuika zinaweza kufikia idadi hiyo. Farasi wa Gilgil akihitajika Usa River, au wa Usa River akihitajika Nairobi, hapo ni lori, kibali cha daktari wa mifugo na karatasi za mpakani Namanga, baina ya nchi mbili ambazo ugonjwa uko pande zote. Hakuna nchi safi inayohatarishwa. Mnigeria, Mzambia, Mghana na Mpakistani watakuja kwa ndege wakiwa na kofia, buti na fimbo zao.

Watu wa mchezo watanijibu kwamba farasi wetu ni wa daraja la chini, kwamba mgeni aliyezoea farasi wa Argentina atachukia kupanda mnyama aliyetoka mbio akiwa na miaka sita na kufundishwa polo na mchunga farasi wa Gilgil. Sikatai kwamba tofauti ipo. Ila kura inafanya kazi moja tu, kusawazisha, na haihitaji farasi wawe bora, inahitaji wakaribiane. Farasi 64 wa wastani wanagawanyika kwa haki kuliko farasi 64 ambao kumi ni nyota na waliobaki ni wa kawaida. Tena daraja la farasi hupanda pale kazi inapoongezeka: mfugaji wa Timau hatamweka jike mzuri kwa ajili ya kuzalisha farasi wa polo mpaka ajue kuna mashindano yatakayomhitaji mtoto wake miaka sita baadaye. Wanaosubiri farasi wawe wazuri kwanza ndipo walete mashindano wanasubiri kitu ambacho mashindano yenyewe ndiyo yangekileta.

Pingamizi zito zaidi halitoki kwa watu wa mchezo. Linatoka kwa msomaji anayeuliza kwa nini nafasi ya gazeti itumike kutetea mchezo wa matajiri na wajukuu wa walowezi, katika wilaya ambayo swali kubwa ni ardhi ya malisho na maji. Ni swali la haki. Polo ya Afrika Mashariki imebaki ndani ya uzio, na wengi wanaowagusa farasi hao kila siku, wanaowapiga brashi, kuwatibu, kuwafundisha kugeuka, hawapandi siku ya fainali. Hata hivyo rangi na mfuko si maumbile ya mchezo. Kaskazini mwa Nigeria, katika miji kama Kano, Katsina, Zaria na Kaduna, polo ilipokewa na jamii zilizokuwa na farasi wa vita na wa sherehe karne nyingi kabla ya Mwingereza. Ikawa mchezo wa Wanigeria wenyewe, wa emir, mwanajeshi na mfanyabiashara. Bado ni wa wenye uwezo, hilo halifichiki, lakini si wa wageni. Walichokuwa nacho wao ni farasi wengi mikononi mwa watu wengi. Sisi maumbile yalituacha na farasi wachache, na wachache hao wakawa mali ya waliomudu chanjo, banda lenye wavu na dawa. Ugonjwa ndio uliojenga sehemu kubwa ya ule uzio. Anayetaka kuubomoa aanzie kwa daktari wa mifugo.

Na ukianzia kwa daktari wa mifugo, unafika Wasso, kwa sababu ya punda. Sensa ya kilimo ya 2019/20 ilihesabu punda zaidi ya laki sita nchini. Katika vijiji vya Loliondo punda ni mguu wa pili wa mama. Ndiye anayebeba madumu ya maji kutoka bondeni, gunia la mahindi kutoka sokoni, na nyumba nzima boma linapohama. Lakini anapougua hana mpango wa chanjo kama ng'ombe mwenye homa ya mapafu au ndigana kali, na mara nyingi hana hata mtu wa kumtazama. Alipogeuka kuwa bidhaa, ngozi yake ikichemshwa kutengeneza dawa inayouzwa China, ndipo serikali zilipomwona. Kenya ilipiga marufuku uchinjaji wa biashara mwaka 2020, Tanzania ikafuata, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusitisha biashara hiyo barani kote kwa miaka 15. Ni hatua kubwa. Imemlinda punda dhidi ya kisu, bado hajalindwa dhidi ya maradhi.

Kwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, punda ni shahidi asiye na mfano. Kwa kuwa huambukizwa na hafi, damu yake huhifadhi kinga za mwili zinazoonyesha amekutana na virusi. Ukichukua damu ya punda wa Ololosokwan, wa Sakala na wa Malambo kabla na baada ya mvua za masika, miaka mitatu mfululizo, utajua virusi vinapita wapi, lini, na kwa nguvu gani. Farasi angekwambia hayo kwa kufa. Punda anakwambia akiwa hai, na anaendelea kuteka maji. Anayehitaji taarifa hizo kuliko wote ni mwenye farasi wa Usa River na Gilgil, anayeamua wiki gani farasi warudishwe bandani kabla jua halijazama na lini mashindano yasiandaliwe kabisa. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Arusha. Kinachokosekana ni anayeona faida ya kumlipia ofisa mifugo mafuta ya pikipiki, sindano, boksi la barafu na siku za kazi. FIP ingekuwa na faida hiyo siku itakapokuwa na mashindano ya kulinda katika kanda hii. Na ofisa akishafika bomani kwa ajili ya damu ya punda, atakutana na kidonda cha mgongo, minyoo na kwato zilizopasuka, na ana wajibu wa kitaaluma wa kuvitibu. Sidai kwamba polo itaiokoa Loliondo. Nasema mahitaji ya farasi wa watu wachache na ya punda wa watu wengi yanakutana kwenye bomba moja la sindano.

Wako watakaosema FIP haina fedha za namna hiyo, na kwamba nguvu zake ni bora zielekezwe Olimpiki. Polo ilikuwa kwenye Olimpiki mara tano, 1900, 1908, 1920, 1924 na 1936 mjini Berlin, ambako Argentina ilichukua dhahabu, na tangu hapo haijarudi. Shirikisho limetambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na polo ilionyeshwa kwenye Olimpiki ya Vijana ya Buenos Aires mwaka 2018. Matumaini hayo nayaelewa. Lakini Olimpiki hutazama kama mchezo ni wa dunia nzima, na shirikisho ambalo mashindano yake makuu hayajawahi kukanyaga Afrika wala Asia litajibu nini likiulizwa? Orodha ndefu ya vyama wanachama haitoshi, kwa kuwa chama kinaweza kuwa barua na anwani. Mashindano ya kanda yaliyochezwa Nairobi kwa farasi wa Ngong, yakiwa na ripoti ya afya iliyotokana na damu ya punda wa Serengeti, ni ushahidi ambao Kamati hiyo ya Olimpiki inaweza kuusoma. Ni kweli pia kwamba FIP haina mapato ya FIFA wala hata ya FEI, ila ninachokiomba hakinunuliwi kwa mapato ya FIFA. Mkutano wake unaweza kuamua kikomo cha magoli 6 au 8 kwa kanda yetu bila kutumia senti. Farasi ni wa wenyeji. Wageni hujilipia tiketi zao kama wanavyofanya sasa wakienda Argentina. Kinachobaki ni gharama ya uchunguzi wa damu, na hiyo inaweza kukatwa kutoka kwenye ada ya ushiriki wa kila timu kabla ya kombe kununuliwa. Pendekezo la namna hii hupelekwa na chama cha nchi, si na mwandishi, na chama chenye uwanja, farasi na wachezaji wa kulipeleka ni cha Kenya, kikiungwa mkono na klabu za upande wetu wa Usa River. Waliandike, walitaje kwa idadi ya farasi, majina ya viwanja na miezi ya kiangazi ambayo visubi ni wachache, wadai lijadiliwe kwenye mkutano mkuu ujao.